Vipimo vya chakula kwa anayeanza: wanga, sukari, protini na mafuta, kwa vitu vya sokoni Mwanza

Kila mwaka, mtihani wa vitendo wa baiolojia unapokaribia, naletewa maswali yale yale. "Mwalimu, muhogo wangu umekataa kugeuka." "Mwalimu, Benedict imebaki bluu, nimekosea wapi?" "Mwalimu, maabara yetu ni chumba kimoja chenye kufuli, nifanyeje?" (Benedict ni kemikali ya bluu ya kupimia sukari.) Nimeyajibu kwa mdomo, kwa ujumbe wa simu, na mara moja nimeyajibu nikiwa nimesimama ndani ya daladala ya Buhongwa huku konda akinidai nauli. Leo nayaandika yote mahali pamoja, kuanzia sokoni mpaka kwenye daftari.

Tutapima vitu vinne ndani ya chakula: wanga, sukari, protini na mafuta. Nimemlenga mtu wa huku kwetu, anayeweza kwenda Mwaloni pale Kirumba asubuhi akarudi na dagaa, na ambaye nyumbani kwao hapakosi michembe. Ukiwa mkoa mwingine badilisha chakula. Kemikali ni zile zile.

NADHARIA, KIDOGO TU

Wanga, sukari na mafuta vyote vimejengwa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni. Kinachotofautisha ni mpangilio. Glukosi ni kipande kidogo kimoja. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi nyingi zilizoshikana. Mafuta yana oksijeni chache sana yakilinganishwa na kaboni na hidrojeni zake, ndiyo maana hayapatani na maji. Protini ina hizo tatu pamoja na naitrojeni, na mara nyingi salfa. Kila kemikali utakayotumia inakamata sehemu fulani ya mpangilio huo, kisha rangi inabadilika. Hayo yanatosha kuanzia.

UANDAE NINI

Chakula kwanza. Chagua vichache kati ya hivi, usivibebe vyote: muhogo mbichi, michembe, matobolwa, ute mweupe wa yai, dagaa wakavu, maziwa mabichi, karanga, asali, sukari nyeupe. Kwa wasiotoka Usukumani, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa bila kupikwa, na matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Nitavirudia baadaye, maana hivyo viwili vinafundisha kuliko sura nzima ya kitabu.

Vifaa: testi tyubu sita au zaidi na kishikio chake, sufuria ya maji na jiko, kinu kidogo na mchi, chujio la chai au kitambaa safi, vijiko, karatasi nyeupe isiyo na mistari, kalamu ya kuandika juu ya kioo, na mabomba ya sindano ya mililita 5 yasiyo na sindano. Mabomba hayo yanauzwa duka la dawa kwa bei ndogo na yanapima vizuri kuliko kukadiria kwa jicho. Weka bomba moja kwa kila kemikali na uliandike jina.

Kemikali: iodini, myeyusho wa Benedict, hidroksidi ya sodiamu ya asilimia 10, mrututu wa asilimia 1, asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, sodiamu bikaboneti, na rangi ya Sudan III. Mrututu ni zile chembechembe za bluu ambazo wakulima huzijua kwa kuua ukungu wa mimea. Maabara wanaziita salfeti ya shaba. Hidroksidi ya sodiamu ndiyo ile kostiki soda ya watengeneza sabuni.

Sasa nikwambie wazi yapi ni ya nyumbani na yapi si ya nyumbani. Kipimo cha wanga kwa iodini na kipimo cha mafuta kwa karatasi unaweza kuvifanya jikoni kwa mama yako, akikuruhusu. Vingine vyote vifanyie maabara, mwalimu au fundi wa maabara akiwepo. Kostiki inababua ngozi na inaweza kupofusha jicho. Mrututu ni sumu ukimezwa. Asidi haihitaji maelezo. Ikikurukia, mwagia maji mengi ya bomba kwa dakika kumi na tano au zaidi, na kama ni jichoni nenda hospitali hata kama maumivu yametulia.

Iodini ya nyumbani inapatikana duka la dawa: ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda, povidoni iodini. Chukua kijiko kimoja, ongeza vijiko kumi vya maji, upate rangi kama chai ya rangi isiyokolea. Kuna kijana aliniuliza kama anaweza kutumia chumvi yenye madini joto, kwa kuwa madini joto ndiyo iodini. Wazo zuri, lakini haifanyi kazi. Iodini iliyomo kwenye chumvi imefungwa katika umbo jingine lisilogeuza wanga, na pia ni kidogo mno.

Maji: tumia ya kunywa ya chupa, au maji yaliyotoneshwa kama maabara inayo. Usiende kuchota ziwani. Maji ya ufukweni yana mwani na matope yatakayokuvurugia rangi, na kuingia majini kwa miguu mitupu ni kujitafutia kichocho kwa ajili ya mililita kumi za maji.

HATUA ZENYEWE

1. Osha kila kitu, hata kinachoonekana kisafi. Osha kwa sabuni, suuza mara tatu. Kinu ndicho kinachoponza watu wengi. Katika shule moja niliyofanya kazi, darasa zima lilipima dagaa na kukuta iodini inageuka bluu-nyeusi, kana kwamba dagaa wana wanga. Wanafunzi karibu wote walifuta walichoona wakaandika "hakuna mabadiliko", kwa kuwa wanajua samaki hana wanga. Msichana mmoja tu aliacha "bluu-nyeusi" kwenye daftari lake, akaanza kuuliza maswali. Kumbe kinu kilikuwa kimetwangiwa makopa, yaani muhogo mkavu, siku iliyopita. Wengine walikuwa na jibu sahihi na daftari la uongo. Yeye ndiye aliyetugundulia kosa. Tangu siku hiyo hatua ya kwanza kwangu ni kinu.

2. Andaa sampuli. Chakula kikavu kama dagaa au michembe, twanga kijiko kimoja cha chakula, ongeza mililita 20 za maji ya baridi, koroga, acha dakika kumi. Dagaa waondoe vichwa na mchanga kwanza. Muhogo mbichi ukwangue. Ute wa yai uzimue kwa maji, sehemu moja ya ute kwa sehemu tano za maji, ukikoroga taratibu usije ukatoa povu. Maziwa hayahitaji kitu.

Usichuje sampuli ya kupimia wanga. Narudia, usichuje. Chembe za wanga mbichi haziyeyuki katika maji ya baridi, zinazama chini. Ukichuja, au ukichota maji maangavu ya juu, wanga umeuacha nyuma. Hilo ndilo jibu la "muhogo wangu umekataa" kwa watu saba kati ya kumi wanaoniuliza. Tikisa sampuli, kisha chota ikiwa bado imechafuka. Kwa vipimo vingine kuchuja kwa chujio la chai ni sawa, na kunasaidia kuona rangi.

3. Weka tyubu ya maji. Kila kipimo kiwe na tyubu mbili: moja ya chakula, moja ya maji matupu. Zote mbili zifanyie kitu kile kile, kwa kiasi kile kile. Tyubu ya maji ndiyo inayokuonyesha kemikali ina rangi gani isipokutana na kitu. Bila hiyo utakuwa unabahatisha tofauti ya kahawia na kahawia. Kama ya maji nayo imegeuka, simamisha kazi, kuna uchafu mahali.

Wanga

4. Weka mililita 2 za sampuli kwenye tyubu. Dondosha iodini matone mawili au matatu. Tikisa kidogo.

5. Tazama hapo hapo. Kahawia ya iodini ikigeuka bluu-nyeusi, wanga upo. Ikibaki kahawia au njano kama ile ya tyubu ya maji, haupo. Usipashe moto. Ukiweka iodini kwenye uji wa moto, bluu hutoweka mbele ya macho yako, kisha uji ukipoa inarudi. Mnyororo wa wanga umejikunja kama springi na iodini hukaa ndani yake. Joto huilegeza springi hiyo, iodini ikatoka. Fanya mara moja kwa makusudi uone, halafu usirudie siku ya mtihani.

Ukiwa nyumbani njia fupi ni kukata kipande cha muhogo au kiazi na kudondosha iodini moja kwa moja. Jaribu na ndizi mbichi ya Bukoba na iliyoiva sana. Mbichi inapiga weusi, iliyoiva inabaki na madoa machache tu, kwa sababu wanga wake mwingi umeshakuwa sukari.

Sukari inayobadili Benedict yenyewe

6. Weka mililita 2 za sampuli, ongeza mililita 2 za Benedict. Kiasi kilingane. Andika rangi ya kuanzia: bluu.

7. Simamisha tyubu ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, midomo ya tyubu isielekee uso wa mtu. Acha dakika tano. Vitabu vinasema maji huchemka kwa nyuzi 100, ila sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapa Mwanza maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kipimo kinafanya kazi vizuri tu. Unachotakiwa ni kuongeza subira, usitoe tyubu dakika ya pili ukatangaza kuwa hakuna sukari. Kuipasha tyubu moja kwa moja juu ya moto mimi siipendi: sampuli huruka kama chemchemi, na nimeona shati la shule likipata madoa ambayo hayakutoka mpaka kuhitimu.

8. Toa tyubu, soma rangi. Kijani ni dalili ya sukari kidogo, njano zaidi, chungwa zaidi, na nyekundu ya tofali ni sukari nyingi. Chini utaona mashapo, hayo ni oksidi ya shaba. Bluu ile ile ikibaki bila mashapo, sukari ya aina hii haipo. Glukosi, fruktosi, maltosi na laktosi ya maziwa zote zinageuza. Asali inageuza haraka mno.

Sasa michembe na matobolwa. Chukua uzito sawa wa kila kimoja, twanga, loweka kwa maji ya baridi kiasi sawa, pima wanga na sukari kwa pamoja. Vyote viwili vinapiga bluu-nyeusi kwa iodini. Lakini kwenye Benedict, kwa kawaida matobolwa yatakwenda mbali zaidi kuelekea nyekundu ya tofali kuliko michembe. Kiazi ni kile kile, pengine kimetoka shamba moja kule Sengerema. Kilichotokea ni hivi: ndani ya kiazi kitamu kuna kimeng'enya kinachokata wanga kuwa maltosi, nacho huchangamka kiazi kinapopata joto, hasa kati ya nyuzi 60 na 75. Wakati bibi anachemsha viazi vyake polepole kabla ya kuvianika, kimeng'enya kinafanya kazi yake mpaka joto linapokizidi nguvu na kukiharibu. Michembe haikupita jikoni, kwa hiyo wanga wake umebaki karibu kama ulivyotoka ardhini. Ndiyo sababu pia nimekwambia uloweke kwa maji ya baridi. Ukiloweka michembe kwa maji ya moto kiasi, unaweza kukiamsha kimeng'enya ndani ya kikombe chako na kupata jibu linalokudanganya.

Togwa ni habari hiyo hiyo kwa njia nyingine: uji mzito ukitiwa kimea cha ulezi unalegea na kuwa mtamu, na aliyeutia utamu si sukari ya dukani. Ukipata uji kabla na baada ya kimea, vipime vyote.

Sukari inayohitaji kuvunjwa kwanza

9. Hapa ndipo sukari ya dukani inapowashangaza watu. Ni tamu sana, lakini sukari nyeupe iliyoyeyushwa haigeuzi Benedict. Sukrosi ni glukosi na fruktosi zilizofungana mahali pale pale ambapo Benedict ingezishika. Lazima uzitenganishe. Chukua mililita 2 za sampuli mpya, siyo ile iliyokwisha tiwa Benedict, ongeza mililita 1 ya asidi iliyozimuliwa, chemsha ndani ya sufuria dakika mbili.

10. Poza. Kisha tia sodiamu bikaboneti kidogo kidogo mpaka isitoe povu tena. Povu likiisha, asidi imekwisha. Usiruke hatua hii hata ukiwa na haraka, kwa sababu Benedict haifanyi kazi penye asidi. Na usitumie bekingi pauda ya keki badala yake: mara nyingi ina wanga ndani, utajiletea shida ya pili.

11. Tia mililita 2 za Benedict, rudisha kwenye sufuria dakika tano, soma rangi. Ikiwa hatua ya 8 ilibaki bluu na hii imegeuka, unayo sukrosi. Ikiwa hatua ya 8 iligeuka kijani na hii imekwenda mpaka chungwa, unazo sukari za aina zote mbili. Sukari ya kahawia na maji ya miwa mara nyingi ziko kundi hilo la pili, kwa hiyo kwa majaribio ya kwanza tumia sukari nyeupe.

Protini

12. Weka mililita 2 za sampuli iliyopoa. Ongeza mililita 1 ya kostiki ya asilimia 10, tikisa taratibu. Ukiitengeneza mwenyewe chini ya usimamizi, gramu 10 za kostiki kwa mililita 100 za mchanganyiko, tia kostiki kwenye maji na kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Inapanda joto yenyewe mpaka chombo kinachoma mkono.

13. Dondosha mrututu wa asilimia 1, tone moja moja, ukitikisa baada ya kila tone. Matone matatu mpaka matano yanatosha. Zambarau ikitokea, protini ipo. Ikibaki bluu nyepesi kama tyubu ya maji, haipo. Usichemshe. Ukichemsha, mrututu na kostiki hutengeneza weusi usiohusiana na protini.

Anza na ute wa yai ili jicho lako lijue zambarau inavyofanana. Dagaa nao watakupa zambarau, ila hafifu kuliko yai, kwa kuwa protini nyingi ya samaki aliyekauka haitoki kirahisi kwenye maji. Subiri dakika tano kabla ya kukata tamaa, na ushikilie tyubu mbele ya karatasi nyeupe. Wanaopata bondo la sangara, yaani kibofu chake cha hewa, kwa bei ya kueleweka (siku hizi ni ndoto, wanunuzi wameshalifikia kabla yako) wachemshe kipande kidogo, wapoze mchuzi wake, wapime huo. Bondo karibu lote ni protini.

Mafuta

14. Njia ya karatasi: sugua karanga iliyopondwa au kipande cha mnofu wa sangara kwenye karatasi nyeupe. Pembeni dondosha maji. Acha vikauke kabisa, kisha inua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Doa la maji limepotea. Doa la mafuta linapitisha mwanga na halikauki. Pima pia kipande cha sato uone tofauti. Sangara ana mafuta mengi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kumkausha kwa moshi badala ya kumwanika tu juani kama dagaa.

15. Njia ya maabara: mililita 2 za sampuli, matone matatu ya Sudan III, tikisa kwa nguvu, acha itulie dakika tano. Mafuta yatapanda juu yakiwa na rangi nyekundu, kama utepe au matone. Rangi ikisambaa sawasawa bila tabaka, hakuna mafuta. Kosa la hapa ni moja tu: kutosubiri.

Kuandika

16. Andika wakati tyubu iko mkononi, siyo ukifika bwenini. Safu nne: ulipima nini, ulifanyaje, uliona nini, umehitimisha nini. Kwenye safu ya tatu weka rangi ya mwanzo na rangi ya mwisho, zote mbili. "Iligeuka" peke yake haina maana. Na usiweke neno "wanga" kwenye safu ya tatu, kwa sababu wanga hukuuona, uliona bluu-nyeusi. Wanga ni hitimisho, unakwenda safu ya nne. Kwenye mtihani utaandika kwa Kiingereza, sawa, lakini ukielewa tofauti hiyo kwa Kiswahili Kiingereza chake si kigumu. Na kwa kuwa mara nyingi mtihani unakupa myeyusho wenye herufi tu, bila jina, mwenye mazoea ya kuandika anachojua badala ya anachoona hapo hana pa kushika.

MAMBO YAKIKATAA

Iodini haigeuzi muhogo. Ulichuja, au sampuli ni ya moto, au iodini imezeeka kwa kukaa chupa wazi kwenye mwanga. Ijaribu kwenye punje ya wali uliopoa. Ikikataa na hapo, nunua nyingine.

Iodini imepotea kabisa, tyubu imekuwa kama maji. Kuna mambo mawili. Labda sampuli ina vitamini C nyingi, kama maji ya limau au chungwa, ambayo huondoa rangi ya iodini. Ongeza matone mpaka kahawia ibaki. Au tyubu ilikuwa na mabaki ya kostiki. Osha, rudia.

Benedict imebaki bluu kwa asali. Asali kutogeuza haiwezekani, labda kama si asali. Angalia kwanza kama maji yalikuwa yanachemka kweli au yanafuka tu mvuke. Kisha angalia kama tyubu ilizama vya kutosha: usawa wa maji ya sufuria uwe juu ya usawa wa sampuli.

Benedict imegeuka kijani kwenye tyubu ya maji. Tyubu haikusuuzwa, au bomba la sindano lililochota sampuli limeingia kwenye chupa ya Benedict. Kama ni hilo la pili, chupa yote imeharibika. Mwambie mwalimu, usiirudishe kabatini kimyakimya.

Hatua ya 11 imekataa kwa sukari nyeupe. Asidi haikuisha. Chukua sampuli mpya, na safari hii endelea na bikaboneti mpaka povu liishe kabisa, sio mpaka uchoke.

Kipimo cha protini kimetoa utandoutando wa bluu kama jeli. Mrututu umezidi, na bluu yake imeifunika zambarau. Rudia kwa matone machache.

Sijui kama ni zambarau au bluu. Weka tyubu tatu bega kwa bega: ya maji, ya yai, ya kwako. Kama bado hujui, muulize jirani bila kumwambia unatarajia nini.

Maziwa yamegeuza karibu kila kitu. Ndivyo yalivyo. Yana laktosi, protini na mafuta. Kilichokosekana ni wanga, na kama iodini imepiga weusi basi kuna aliyeyaongezea unga ili yaonekane mazito. Mkamateni muuzaji kwa upole.

Mabaki yamwagwe wapi? Yenye mrututu, Benedict na Sudan III yakusanye kwenye chombo kimoja, umpe fundi wa maabara. Usiyamwage mtaroni. Mitaro mingi ya mji huu unajua inaishia wapi, na dagaa wa kesho wanatoka huko huko.

Na lile swali ambalo halikosi mwishoni mwa kipindi, huulizwa na mtu wa nyuma: "Matobolwa yaliyobaki yanaliwa?" Yaliyobaki kwenye mfuko, ndiyo, nibakizie na mimi. Yaliyoingia maabara, hata kama hayajaguswa na kemikali, hapana.